Kisanduku cha Tatu

Karani ananiuliza bila kuinua kichwa:
Mama, unauza au unatoa zawadi?
Fomu ina visanduku viwili tu
na kalamu yake imeshaanza kushuka kwenye cha kwanza.

Nimevaa kitenge cha mazishi ya Chishimba,
kile cha ndege wa buluu,
si kwa kuomboleza, ila ndicho kilichokuwa kisafi.
Nyuma yangu, benchini, watoto wake watatu:
Bupe na mwanawe mgongoni,
Kasuba anayetafuna kucha,
na Kabwe, kitindamimba,
aliyetimiza kumi na minane Jumapili,
shati lake bado lina mikunjo ya dukani.

Unauza au unatoa?

Usiku ule hospitalini
kaka yangu alikuwa na pumzi za kuhesabu,
moshi wa tanuru ulikwisha kumla kifua.
Akasema: Mwape, iandike kwa jina lako.
Ukoo wetu naujua.
Nami naujua, ndio ukoo wangu.
Arobaini haijatimia, Mulenga na Chanda,
kaka zangu wa tumbo moja,
walifika Katuba na mkokoteni
wakabeba redio, cherehani, hata mlango wa choo.
Nyumba haikuenea mkokotenini.
Ilikuwa imeshaandikwa.

Miaka kumi na sita nimekuwa mwizi wa mtaa.
Sokoni waliniambia: wewe uliwahi.
Nikanyamaza, nikapima unga.
Nikajenga ukuta, nikalipa kodi ya ardhi,
nikabadili mabati ya upande wa jikoni
mvua ya Novemba ilipoingia ndani ya sufuria ya bukari.

Nisijifanye malaika.
Mwaka wa tano alikuja mnunuzi wa mawe ya shaba,
akaweka dola mezani, hakuzihesabu.
Nililala na hati chini ya mto.
Asubuhi sikuuza,
lakini niliipeleka rehani kwa mtu wa Kamalondo
kwa ajili ya karo ya Bupe.
Miezi saba nyumba haikuwa yangu wala yao
na nilikuwa nikifagia uwanja kama kawaida.
Hili hawalijui.
Labda Bupe analijua.
Hajawahi kuniuliza pesa zilitoka wapi.

Karani anagonga meza. Mama!

Narudisha, nasema.
Hakuna kisanduku cha kurudisha.
Kuuza kuna ushuru wake, zawadi ina wake,
kurudisha hakumo.

Basi sikia, baba.
Zawadi hutolewa na mwenye mali.
Mimi nilikuwa msumari ukutani,
mtu alitundika koti lake akaenda.
Msumari hauwi mwenye koti
hata likae miaka,
hata liache doa kwenye chokaa.

Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Foleni ikaanza kunung'unika.
Akatia alama kwenye zawadi,
maana fomu ni fomu,
lakini pembeni, kwa herufi za chungu,
akaandika: imerudishwa.
Muhuri ulifunika nusu ya neno.

Nje, vumbi jekundu,
na mijakaranda imeanza kumwaga maua juu ya magari.
Kasuba alinunua soda nne.
Nilidhani nitajisikia mwepesi.
Nilisikia njaa,
na goti la kushoto.
Kabwe alishika bahasha kwa mikono miwili
kama mtu aliyebebeshwa sahani ya moto,
akauliza: Shangazi, sasa utalala wapi?
Bupe akampiga kofi la mgongo.
Hakuna aliyejibu,
hata mimi.

Kesho yake mtu wa maji alipita na bili.
Jina juu yake ni lile lile, Chishimba.
Kwenye vitabu vyao hajafa:
anaoga, anafua, anachelewa kulipa.
Miaka yote nimelipa nikiwa yeye.
Safari hii nilimpa Kabwe karatasi.
Baba yako anadaiwa, nikamwambia,
nikarudi kuchekecha unga.